Kadi ya gari haina mwisho, vingine vyote vina tarehe: mwongozo kwa mwenye gari Mwanza

Swali hili huulizwa sana na watu walionunua gari mkononi kwa mtu. Anakuja na kadi iliyopauka, ya mwaka 2013 au 2014, anaigeuza huku na huku kutafuta tarehe ya mwisho, kisha anauliza: "Kaka, usajili wa hili gari si utakuwa umeshaisha muda?" Haujaisha. Tanzania Bara, gari likishasajiliwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na kupewa namba, usajili huo unakaa mpaka ufutwe. Hakuna siku utaamka ukute namba yako imekufa kwa sababu hukwenda kuihuisha.

Kinachowachanganya wengi ni kumbukumbu ya rodi laisensi. Ile ililipwa kila mwaka, stika yake ikabandikwa kwenye kioo cha mbele, na tarehe ikipita unaandikiwa faini. Serikali iliifuta kuanzia Julai 2017 na kuihamishia kwenye mafuta: ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa ulipanda kwa shilingi 40 kwa lita. Kwa hiyo ukijaza mafuta Buzuruga au Usagara unalipa rodi laisensi kidogo kidogo, upende usipende. Wengine wamechanganywa na video za Marekani, ambako usajili wa gari huisha kweli, majimbo mengi kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na polisi anaweza kumsimamisha mtu kwa kosa hilo tu. Hayo ni ya kwao.

Tatizo ni kwamba mtu akisikia usajili hauishi, analala usingizi. Ile kadi inazungukwa na karatasi nyingine ambazo zote zina siku ya kufa, na faini ya barabarani inatudanganya kuhusu uzito wake. Ukiandikiwa shilingi 30,000 unaweza kudhani hiyo ndiyo bei ya kosa. Bei yenyewe hujulikana siku ya ajali, au siku polisi wanapokuja kwako kuuliza habari za gari uliloliuza miaka mitatu nyuma.

Hatua ya 1: Toa karatasi zote, usome

Tenga jioni moja. Toa kadi ya gari, karatasi ya bima, leseni yako na ya kila mtu anayeliendesha hilo gari, akiwamo shemeji anayeliazima Jumapili. Kama ni gari la biashara, ongeza leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na taarifa ya ukaguzi ya polisi. Andika kwenye simu tarehe ya mwisho ya kila moja na uweke kengele ilie wiki mbili kabla. Siku mbili hazitoshi. Mtandao hukatika, na karatasi moja mara nyingi huwezi kuipata mpaka nyingine iwe hai.

Kwenye kadi usihangaike na tarehe, soma maneno: jina la mmiliki, namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, matumizi ya gari. Kama fundi alikubadilishia injini, au gari lilikuwa jeupe sasa ni jeusi, TRA wanapaswa kujulishwa ili kadi ilingane na gari. Watu hulipuuza hili mpaka mkaguzi anapofungua boneti na kuanza kusoma namba kwa tochi.

Hatua ya 2: Hakiki bima mwenyewe, usimwamini aliyekuuzia

Hapa ndipo pa kukaa sana.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kulitumia gari barabarani bila bima hai inayolinda watu wengine. Inakataza pia kumruhusu mtu mwingine alitumie. Maana yake, ukimpa dereva gari lisilo na bima apeleke dagaa Shinyanga, wewe uliyebaki nyumbani Nyakato nawe umetenda kosa. Kosa hilo likifika mahakamani linaweza kuleta faini au kifungo, na mahakama inaweza kumzuia mtu kuendesha kwa muda.

Bima ziko za aina mbili kubwa. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, inalipa madhara utakayomfanyia mwingine. Gari lako lenyewe utalitengeneza kwa fedha zako. Kwa gari dogo la binafsi, bei ambayo watu wameizoea kwa miaka mingi ni shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima kubwa inalinda na gari lako pia, na bei yake inategemea thamani ya gari. Sheria inaridhika na bima ndogo. Kama una mkopo wa gari, benki haitaridhika nayo.

Stika za karatasi zilizokuwa zikibandikwa kwenye kioo zimepitwa na wakati. Sasa bima inaingia kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na trafiki anaangalia huko kwa kutumia namba ya gari. Wewe nawe unaweza. Fungua mfumo wa kuhakiki bima wa TIRA kwa simu yako, andika namba ya gari, na utaona kama kuna bima, ni ya kampuni gani, na inaisha lini. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama mbele ya wakala, kabla hujaondoka. Vishoka bado wapo, na karatasi yenye nembo nzuri mtu yeyote anaweza kuichapa stesheneri. Isipoonekana kwenye mfumo, huna bima, na kusema ulitapeliwa hakutazuia uandikiwe.

Siku za huruma hazipo. Bima ikiisha leo usiku, kesho asubuhi gari halina bima, hata kama unakwenda tu Kirumba Mwaloni na kurudi. Na kwa sheria zetu bima haianzi kufanya kazi mpaka ilipiwe. Kumwambia wakala "niwekee, nakutumia Ijumaa" ni sawa na kutokuwa nayo. Wapo wanaofikiri wanaweza kukata bima haraka haraka baada ya kugonga. Mfumo unaonyesha bima ilitolewa lini. Anayejaribu ujanja huo anaongeza kosa la udanganyifu juu ya ajali.

Sasa ajali ikitokea bila bima. Chukua mfano wa kawaida: umemgonga mwendesha baiskeli Igoma, mguu umevunjika, amelazwa Bugando. Kuna mambo mawili yanakwenda pamoja, na watu huyachanganya. La kwanza ni la jinai: uliendeshaje, na kwa nini gari halikuwa na bima. Hilo ni kati yako na Jamhuri. La pili ni la madai: aliyeumia ana haki ya kulipwa fidia ya matibabu, kipato alichopoteza na maumivu. Kama kungekuwa na bima, kampuni ingesimama mahali pako. Kwa kuwa haipo, anakudai wewe, na anaweza kumshtaki dereva pamoja na mwenye gari kwa pamoja. Akishinda kesi na ukashindwa kulipa, mahakama inaweza kuamuru mali yako ikamatwe na kuuzwa: gari lenyewe, kiwanja cha Kisesa, hata nyumba. Kulipa faini ya jinai hakufuti deni la madai, na kusameheana nyumbani kwa mgonjwa hakuifuti kesi ya polisi. Nimeona familia zikitoa ng'ombe za kuombana radhi zikidhani mambo yameisha.

Ukiwa na bima na umepata ajali, toa taarifa polisi mara moja na kwa kampuni yako siku hiyo hiyo, majeruhi apate PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kutibiwa ikiwezekana, na usikiri wala kuahidi malipo kwa mtu pale barabarani. Kampuni ikikuzungusha, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kumpelekea malalamiko hakuhitaji wakili.

Hatua ya 3: Leseni ya udereva

Tangu mwaka wa fedha 2019/20 leseni inadumu miaka mitano badala ya mitatu, kwa ada ya shilingi 70,000. Miaka mitano ni mingi, ndiyo maana wengi husahau. Angalia pia daraja: D inatosha kwa gari lako la nyumbani, A ni ya pikipiki, na kubeba abiria kwa nauli kunahitaji madaraja ya C. Leseni iliyokwisha, au ya daraja lisilohusika, inaipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulitengeneza gari lako, kwa kuwa karibu kila mkataba wa bima unamtaka dereva awe na leseni halali. Umelipa bima kubwa mwaka mzima, kisha inaanguka kwa ajili ya kadi ndogo ya mfukoni.

Hatua ya 4: Kama gari linabeba abiria au mzigo kwa malipo

Hapo unahitaji leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Leseni hii ina muda wake na lazima ihuishwe. Ombi linafanywa kwa mtandao. Mpangilio wa kazi ni huu, na ukiuvuruga utarudishwa: kwanza gari litengenezwe, pili bima ya biashara, tatu ukaguzi wa trafiki, nne LATRA. Utahitaji kadi ya gari, TIN (namba ya mlipakodi) na taarifa ya ukaguzi. Kwa bodaboda na bajaji, uliza kwanza LATRA na halmashauri yako, Jiji kwa walio Nyamagana na Manispaa kwa walio Ilemela, kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejiita kiongozi wa kijiwe.

Leseni ya LATRA ikiisha gari linaweza kuzuiwa, abiria wakashushwa njiani na safari ikaishia hapo. Hasara ya siku moja ya gari kulala yadi mara nyingi inazidi ada yenyewe.

Na michomoko. Sitaki kuwakashifu, maana kanda hii yote tunaitumia: Probox, Noah na IST zenye namba za njano zinazojaza watu wa Magu, Sengerema na Geita. Lakini namba za njano ni za gari binafsi, na bima yake huwa imekatwa kwa matumizi binafsi. Siku unapobeba watu saba kwa nauli, umetoka nje ya mkataba wa bima. Kampuni inaweza kugoma kwa abiria hao hao uliowachukulia fedha, ukabaki nao peke yako mahakamani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena foleni ya kivuko ya kumchelewesha mtu, na kishawishi cha kupiga tripu moja ya Sengerema jioni baada ya kazi kimekuwa kikubwa. Kama unataka biashara hiyo, badili matumizi ya gari TRA upate namba nyeupe, kata bima ya biashara, kisha nenda LATRA. Gharama inaongezeka, sibishi.

Hatua ya 5: Jina lililo kwenye kadi

Gari likiuzwa, umiliki unatakiwa kuhamishwa TRA ndani ya siku 30. Wanunuzi wengi wanakaa na kadi ya jina la mwingine miaka nenda rudi, na wauzaji wanaona wamemaliza kwa kupokea fedha.

Anayeumia zaidi ni muuzaji. Serikali inamjua yule aliyeandikwa kwenye kadi. Faini zinahesabiwa kwenye gari linalosomeka kwa jina lako. Gari likigonga na kukimbia, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Likikutwa na magendo kutoka ziwani, au likitumika kwenye wizi huko Geita, utaitwa kueleza, na utajieleza kwa mkataba kama unao. Mnunuzi naye hana raha: hawezi kuuza kwa urahisi, hawezi kuweka gari dhamana benki, na kwenye madai ya bima ataulizwa yeye ni nani kwenye gari hilo.

Kwa hiyo siku ya mauziano fanyeni hivi. Andikeni mkataba mbele ya wakili, wenye namba ya gari, chasisi, injini, bei, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ajali ya jioni ya siku ya mauziano ina mwenyewe. Kila mmoja awe na TIN na nakala ya kitambulisho cha NIDA cha mwenzake. Kisha mwende TRA, au muanze kwa mtandao, na kadi halisi pamoja na mkataba. Kwa gari, ada ya kuhamisha ni shilingi 50,000, kadi mpya 50,000 tangu 2019, na ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani. Kama gari lilikuwa la biashara, muulizeni ofisa kuhusu kodi inayotokana na faida ya mauzo kabla ya kupatana bei, mjue nani anaibeba. Muuzaji, usimwachie mnunuzi ahamishe "akipata nafasi." Hatapata.

Gari la marehemu lina njia yake. Majumbani Mwanza kuna magari mengi ambayo mpaka leo yanasomeka kwa jina la baba aliyefariki, na mtoto mkubwa ndiye anayeliendesha. Kisheria hilo gari ni sehemu ya mirathi, si la mtoto mkubwa. Ukoo ukae, umteue msimamizi, afungue shauri la mirathi mahakamani, na barua yake ya usimamizi ndiyo TRA wataitambua. Dada zako wakisaini kukubali, jambo halichukui muda mrefu. Wasiposaini, usiuze: anayenunua anaweza kunyang'anywa, na wewe ukashtakiwa.

Hatua ya 6: Angalia madeni yaliyoganda kwenye namba

Faini za trafiki zinaonekana kwenye mfumo wa polisi wa TMS kwa kuandika namba ya gari. Ushuru wa maegesho wa mjini nao unafuata namba, na hukua pole pole hasa kwa wanaoacha gari katikati ya mji kutwa nzima bila kuulizwa. Angalia vyote viwili kila mwezi, na siku zote kabla ya kununua gari la mtu. Deni halijui kwamba mwenye gari amebadilika.

Hatua ya 7: Ukisimamishwa na kitu kimeisha muda

Simama, zima gari, salimia. Afande ana haki ya kuona leseni na kuhakiki bima. Kosa la gari ni shilingi 30,000, na kwa bodaboda na bajaji serikali ilipunguza hadi 10,000 mwaka 2021, kila kosa peke yake. Bima iliyokwisha, leseni iliyokwisha na pembetatu ambayo haipo ni makosa matatu, siyo moja.

Una njia mbili halali. Ukikubali kosa, unaandikiwa na kupata namba ya kumbukumbu ya malipo, ile kontroo namba, unalipa kwa simu au benki. Usipokubali, sema kwa heshima kwamba utakwenda mahakamani. Njia ya tatu unaijua, na mimi siiandiki hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba haiachi risiti, na kilomita kumi mbele, pale Usagara, utaanza upya. Fedha taslimu usimpe mtu. Lipa mapema, maana ikichelewa inaongezewa adhabu. Na kulipa faini hakukupi ruhusa ya kuendelea na safari bila bima: simama hapo hapo, mpigie wakala, kata bima kwa simu, hakiki kwenye mfumo, kisha ondoka.

Hatua ya 8: Gari lililokufa, na gari la jirani

Gari ambalo limeoza gereji na halitarudi barabarani, omba TRA wafute usajili wake. Zamani rodi laisensi ilizidi kuhesabika hata kwa magari yaliyosimama juu ya mawe. Siku hizi deni hilo halizaliwi tena, ila namba iliyoachwa bila mwenyewe inaweza kuibiwa na kufungwa kwenye gari lingine. Ukilikata chakavu na kuuza vyuma, baki na kadi na vibao vya namba, uvirudishe TRA. Kibao kikipotea, pata ripoti ya upotevu ya polisi, ambayo sasa inaombwa pia mtandaoni.

Gari la namba za Kenya lililoingilia Sirari, au la Uganda lililoingilia Mutukula, ndilo peke yake lenye kitu kinachofanana na usajili unaoisha: kibali cha muda cha forodha. Soma tarehe yake. Ikipita gari likiwa bado Mwanza, kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 linahesabiwa kama mali isiyolipiwa ushuru. Linaweza kukamatwa na kutaifishwa, na aliye nalo kushtakiwa, hata kama ni shemeji tu aliyeachiwa alitunze. Anayetaka muda zaidi aombe kabla ya siku ya mwisho. Anayetaka kulibakiza alilipie ushuru na kulisajili kwa namba za Tanzania, au alirudishe mpakani na kuhakikisha kutoka kwake kumeandikwa kwenye mfumo, siyo kupita tu.